Lubumbashi: betri tatu kwa Coccinelle ya mzee, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye waya wa masi

Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, mvua ikiwa imekatika hivi punde, mama alipanda nyuma ya Coccinelle ya marehemu baba ili nimpeleke kanisani. Alikaa upande wa kuume, mahali alipozoea kukaa. Hatukufika hata mwisho wa avenue yetu. Nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, na mama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kiti kinamchoma. Nilisimamisha gari katikati ya matope, nikamtoa mama, nikang'oa kiti cha nyuma. Springi moja ya chuma chini ya kiti ilikuwa imekuwa nyekundu, na zile nyuzi kavu zinazojaza kiti zilikuwa zimeanza kutoa moshi.

Katika Coccinelle, betri hukaa hapo hapo, chini ya kiti cha nyuma upande wa kuume. Ile tuliyoweka ilikuwa mpya, ya tatu kwa miaka miwili, na ilikuwa ndefu kuliko ya zamani kwa vidole viwili. Kifuniko chake hatukuwa nacho tena. Mama alipokaa, springi zilishuka, moja ikagusa kichwa cha chanya cha betri, na umeme wote ukapita kwenye fremu ya kiti kwenda kwenye bodi ya gari. Hakuna fyuzi njiani hapo. Tulipona kwa sababu mama alihisi joto mapema.

Jioni ile tulikaa kama familia. Yaya wangu alisema gari liuzwe kama chuma chakavu kabla halijaua mtu. Mama hakujibu neno. Baba aliinunua Coccinelle hiyo, modeli ya 1300 ya mwaka 1972, kutoka kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao, wakati baba akifanya kazi Gécamines. Sisi wote tulipelekwa shuleni ndani yake. Niliomba muda. Yaya akanipa mpaka mwisho wa mwezi.

Ninaandika haya kwa sababu najua si sisi peke yetu. Katika mji huu bado kuna magari ya zamani chini ya miembe: Coccinelle, Combi, Peugeot 404 na 504, Mercedes za dizeli, Land Rover za misheni. Mengi hayakufa kwa injini. Yalisimama kwa sababu ya umeme, kisha watu wakachoka kutoa pesa.

Kwa miaka miwili na sisi tulikuwa tunalilisha gari pesa kama mgonjwa anayenunua dawa bila kumwona daktari. Asubuhi liliwaka kwa shida. Injini ikiwa na moto ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: unageuza ufunguo, unasikia "tak" moja, basi, kimya. Vijana wa avenue walikuwa wamezoea, hawangojei kuitwa. Wanasukuma, gari linashika, unawapa pesa ya maji, unaondoka. Sasa naona kwamba kusukuma ndiko kulikotuchelewesha. Gari linaondoka na ugonjwa wake unasahau mpaka kesho.

Fundi wa kwanza alisema betri. Tulinunua. Baada ya miezi michache hali ikawa ile ile, na fundi wa pili akasema dinamo haichaji, isokotwe upya. Ikasokotwa. Wa tatu alisema demareri, ile mota ndogo inayozungusha injini wakati wa kuwasha. Tulipata moja ya kutumika, ikafungwa. Halafu betri ya pili, halafu ya tatu. Katikati ya hayo, kebo ya mafuta ilikatika mara mbili, lakini hiyo hakuna aliyeihesabu pamoja na umeme. Na fyuzi moja ya taa ilipokuwa inaungua kila mara, mtu mmoja alitusaidia kwa kuzungushia waya wa shaba mahali pa fyuzi. Taa ziliwaka vizuri, tukamshukuru.

Wa mwisho alitaka kung'oa nyaya zote na kuweka mpya, pamoja na alternateta ya gari la Kijapani. Bei yake ilikuwa karibu sawa na bei ya gari lenyewe.

Jirani mmoja ndiye alinitajia mzee wa Kamalondo ambaye zamani alifanya kazi kwenye gereji ya Volkswagen hapa mjini. Alikuja nyumbani Jumamosi asubuhi na kibegi kidogo. Alimsalimu mama kwanza, wakaongea juu ya baba, akanywa chai. Kisha akalizunguka gari bila kugusa spana, akaanza kuniuliza maswali kama muuguzi. Linakataa likiwa la baridi au la moto? Wakati wa mvua inazidi? Ukiwasha taa za mbele halafu ukageuza ufunguo, taa zinazimika kabisa au zinabaki na nguvu?

Swali hilo la taa kila mwenye gari la zamani anaweza kulijaribu bila chombo chochote. Washa taa za mbele, simamisha mtu mbele ya gari, geuza ufunguo. Taa zikifa kabisa, betri imechoka, au kichwa chake kimelegea, au demareri imekwama na inavuta umeme kupita kiasi. Taa zikibaki karibu vile vile na demareri ikanyamaza au ikazunguka kwa uvivu, basi betri ina nguvu, ila nguvu hiyo haifiki mahali inapotakiwa. Kwetu taa zilififia kidogo tu. Kwa maneno mengine, betri tatu zilinunuliwa kutibu kitu ambacho hakikuwa kinaumwa.

Kisha mzee akauliza kama kuna kitu kingine kilichoharibika, hata kisichohusu umeme. Nilimtajia kebo ya mafuta. Akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile, lakini hakunieleza kwa nini.

Kazi ya kwanza aliyofanya haikuwa kutafuta ugonjwa. Alitoa ule waya wa shaba kwenye kisanduku cha fyuzi na kusema hataendelea gari likiwa hivyo. Fyuzi za Coccinelle ni zile ndogo zenye ncha mbili, nyeupe za ampea 8 na nyekundu za ampea 16. Kazi yake ni kufa kabla waya haujawaka. Ukiweka waya wa shaba mahali pake, sasa kitu kinachokufa kwanza ni nyaya zenyewe, ndani ya dashbodi, mbele ya magoti yako. Halafu aliona kwamba ncha za fyuzi nyingine zimeota kijani na vishikio vyake vimelegea. Alizisugua kwa msasa laini, akavibana vishikio kwa koleo ndogo, na fyuzi ile iliyokuwa ikiungua haikuungua tena. Mguso mbaya hupata joto, na joto huyeyusha fyuzi hata kama taa haina kosa.

Betri ndefu tuliibadilisha na ya jirani huyo huyo, fupi, ya kuazima, na juu yake akaweka kipande cha mpira mzito. Alipoifungua alianza na hasi, na alipoirudisha alimaliza na hasi. Mpangilio huu ni wa lazima. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche inaruka, na betri hutoa gesi inayolipuka.

Ndipo akatoa multimetri, moja ya zile za bei ndogo zinazouzwa kila mahali. Alipima betri ikiwa imepumzika: volti 12,5. Betri iliyojaa huonyesha karibu 12,6. Ikionyesha 12,2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 ni tupu. Hii ilikuwa nzuri. Halafu alichomoa waya wa katikati wa bobini ili injini isiwake, akanipa kazi ya kukaa kwenye usukani na kugeuza ufunguo kila aliponiambia.

Nitaeleza kipimo hiki polepole, maana hapa ndipo pesa zetu zote zilipotelea.

Demareri inapozungusha injini huvuta zaidi ya ampea 100. Kwa mkondo mkubwa hivyo, kutu kidogo au waya uliobaki nyuzi chache hula volti nyingi. Lakini ukipima waya huo gari likiwa limelala, multimetri itakuambia ni mzima, kwa sababu yenyewe hutuma umeme mdogo sana, na umeme mdogo unapita hata kwenye nyuzi tatu. Mafundi wote waliotangulia walipima hivyo, au hawakupima kabisa. Mzee alipima wakati demareri inafanya kazi.

Kwanza, kwenye vichwa viwili vya betri, ufunguo ukiwa umegeuzwa: volti 11,1. Betri inayoshuka chini ya 9,6 hivi wakati wa kuwasha ni ya kutilia shaka. Yetu haikushuka hata karibu ya hapo. Kisha akaingia chini ya gari, akapima kwenye demareri yenyewe, kutoka bolti yake kubwa mpaka kwenye mwili wake: volti 6,8. Betri inatoa 11,1 na demareri inapokea 6,8. Volti 4,3 zimeliwa njiani.

Njia ni mbili tu, ya kwenda na ya kurudi. Aliweka ncha moja ya multimetri kwenye kichwa cha chanya cha betri na nyingine kwenye bolti kubwa ya demareri. Ufunguo: volti 0,3. Kebo ya kwenda ilikuwa nzima. Halafu ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye mwili wa demareri: volti 4,0. Umeme ulikuwa unafika bila shida. Uliposhindwa ni kurudi.

Akaigawa tena njia ya kurudi. Kutoka hasi ya betri mpaka kwenye bodi: 0,2. Kutoka bodi mpaka kwenye giaboksi: 3,8. Hakuhitaji kupima tena.

Katika Coccinelle, injini na giaboksi vimekaa juu ya mipira ili visitikise gari. Mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kiwanda kiliweka mkanda wa shaba uliosukwa, mfupi kama mkono kutoka kiganja mpaka karibu na kiwiko, unaounganisha pua ya giaboksi na bodi. Huo ndio masi ya injini nzima. Uko chini, unapigwa na matope na maji, na kwa sababu haubanduki na kuanguka barabarani, watu wanausahau. Mkanda wetu ulikuwa umebaki nyuzi nne au tano, nyingine zimekuwa unga wa kijani. Katika mji unaoishi kwa shaba, gari letu lilikuwa linakufa kwa kukosa shaba ya sentimita 30.

Na hapo nikaelewa kile kicheko. Umeme ukinyimwa njia yake hutafuta nyingine. Kitu kingine cha chuma kilichounganisha injini na bodi yetu kilikuwa kebo ya mafuta. Kila tulipogeuza ufunguo, sehemu ya mkondo wa demareri ilikuwa inapita kwenye uzi ule mwembamba, unapata moto, unalegea, mwisho unakatika. Mara mbili gari lilituambia ugonjwa wake, nasi tukanunua kebo.

Mkanda mpya haukupatikana madukani. Mzee alikata kebo nene ya shaba, akabana vichwa viwili, akasugua kwa msasa mahali pa bolti mpaka chuma kikang'aa pande zote mbili, akafunga, kisha akapaka vazelini juu. Vazelini inakuja mwisho, si kabla. Tulipima tena: volti 0,1. Niligeuza ufunguo na injini ikazunguka kwa mlio ambao sikuusikia tangu baba alipokuwa hai. Mama alitoka jikoni na kitambaa mkononi, akasimama mlangoni.

Gharama ya kazi yote, pamoja na fyuzi na usafiri wa mzee, haikufika bei ya betri moja.

Si kwamba masi peke yake ndiyo iliua zile betri. Dinamo pia hurudisha umeme wake kupitia mkanda huo huo, kwa hiyo chaji ilikuwa inafika pungufu. Tena, tofauti na alternateta, dinamo haichaji kitu injini ikiwa polepole, na sisi tulikuwa tunalitumia gari kwa safari fupi, kanisani na sokoni, tukikaa kwenye foleni taa zikiwa zimewaka. Betri inayokaa muda mrefu bila kujaa hufa mapema. Baada ya matengenezo, injini ikikimbia kwa mwendo wa kati, mzee alipima volti 13,9 kwenye betri. Kati ya 13,5 na 14,5 ni sawa. Dinamo iliyosokotwa upya haikuwa na kosa tangu mwanzo.

Kuhusu ile taa nyekundu ya chaji, wenye Coccinelle wasikilize vizuri. Ikimetameta injini ikiwa polepole na kuzimika ukikanyaga mafuta, ni tabia ya dinamo, usihangaike. Lakini ikiwaka ukiwa unakimbia, simama hapo hapo na uzime injini. Feni inayopoza injini imefungwa kwenye mhimili wa dinamo, na vyote viwili vinazungushwa na mkanda mmoja wa mpira. Mkanda ukikatika, hukosi chaji tu, unakosa pia upepo, na injini hii haina maji. Wengi wameunguza injini wakisema betri itawafikisha nyumbani.

Mzee alinifundisha pia kusoma namba ndogo zilizochongwa karibu na kila mguso, ambazo nilikuwa nikiziona tangu utoto bila kujua maana yake. Ni kawaida ya Kijerumani. 30 ni umeme unaotoka betri moja kwa moja, wakati wote. 15 ni umeme unaokuja baada ya kugeuza ufunguo. 31 ni masi. 50 ni waya unaoamrisha demareri. 61 ni taa ya chaji. Rangi nazo zina kanuni: nyekundu kwa betri, nyeusi kwa ufunguo, kahawia kwa masi. Ukijua hayo, Coccinelle, Combi na Mercedes ya zamani huacha kuwa msitu wa nyaya. Usiyatumie kwa Peugeot, Wafaransa wana kawaida yao. Na mwenye Land Rover ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 aangalie sana kabla ya kufunga betri: nyingi za wakati huo masi yake ni chanya, si hasi. Vilevile Coccinelle za zamani zaidi ni za volti 6. Usizifungie betri ya 12 kwa kukisia.

Waya wa 50 ndio mshukiwa wa pili kwa gari linalokataa likiwa la moto. Katika Coccinelle unatoka kwenye ufunguo mbele, unakwenda mpaka nyuma kwenye demareri, na kila mguso njiani unachukua sehemu yake. Kama masi ni nzuri na bado unasikia "tak" au kimya kabisa, pima volti zinazofika mwisho wa waya huo ufunguo ukiwa umegeuzwa. Zikiwa 8 au 9, dawa inayojulikana ni kuweka relei karibu na demareri, ili ufunguo uamrishe relei tu na umeme mzito utoke karibu.

Sisi tulibaki na tatizo dogo moja. Gari likilala siku tatu, betri ilishuka. Mzee alichomoa waya wa hasi, akaweka balbu ndogo kati ya waya na kichwa cha betri, kila kitu kikiwa kimezimwa. Balbu iliwaka hafifu. Katika gari la umri huo, lisilo na saa wala kengele ya wezi, haikutakiwa kuwaka kabisa. Alitoa fyuzi moja baada ya nyingine akiitazama balbu, na ya nne ilipotoka balbu ikazima. Ilikuwa redio ya kaseti ambayo mimi mwenyewe niliifunga nikiwa na miaka 19, nikaiunganisha kwenye umeme wa 30 ili tusikilize muziki bila ufunguo. Sikumwambia mama.

Watu wameniuliza kama kuweka alternateta au nyaya mpya ni vibaya. Sioni ubaya. Alternateta huchaji vizuri kuliko dinamo kwenye foleni zetu, na nyaya za miaka 50 zilizopasuka mpira wake zinastahili kubadilishwa. Ninachokataa ni kukata kabla ya kupima. Yule aliyetaka kung'oa kila kitu angefunga alternateta mpya, nyaya mpya na betri ya nne, juu ya mkanda ule ule wa nyuzi tano.

Yaya alikuja tarehe 30 jioni, kama tulivyopatana. Hakutaka maelezo. Aliketi kwenye usukani, akawasha, akazima, akawasha tena. Akaenda mpaka stendi na kurudi ili injini ipate moto, akazima, akawasha mara ya tatu. Kisha akashuka, akainua kiti cha nyuma, akabonyeza kile kipande cha mpira juu ya betri kwa kiganja chake. Akauliza ni nani atalipa bima ya mwaka huu.